Siku ya Nane

Siku ya saba, kama panya bado anapumua, tunaandika kwamba amepona. Kisha tunamuua. Usinikunjie uso, ndivyo kazi ilivyo, na wewe ukimeza kidonge cha kichwa huulizi kimepitia kwa nani. Panya anauawa vizuri, haumii, na hapa Norwei sheria za jambo hilo zinajaza kabati zima. Ninachosema ni kwamba siku ya nane haipo. Katika maabara yetu ya Trondheim, na katika kila maabara ninayoijua mimi, panya aliyenusurika sepsisi hana siku ya nane.

Sepsisi ndiyo ile waliyoiita wazee wetu sumu ya damu. Uchafu wa kidonda au wa tumbo unaingia kwenye damu, na mwili badala ya kupambana na vijidudu unaanza kujipiga wenyewe, mpaka figo zinazima na mapafu yanachoka. Nimeifanya kazi hii tangu nywele zangu zilipokuwa na rangi. Tunamlaza panya usingizi, tunafunga kipande cha utumbo, tunakitoboa kwa sindano, tunamshona. Saa moja baadaye tunampa dawa. Na dawa zetu, acha tu. Tumewaponya panya wengi kiasi kwamba kama wangekuwa na kura, mkubwa wetu Sverre angekuwa waziri. Ila zikifika kwa watu, kwenye wodi ya mahututi, hola. Dawa ya mwisho tuliyoitegemea ilijaribiwa katika nchi tano, na waliopewa dawa na waliopewa maji ya chumvi wakafa sawasawa.

Sababu tunazijua, tunaziimba kila mkutano. Panya wetu ni kama ndugu wa tumbo moja, umri mmoja, chakula kimoja. Hakuna mwenye kisukari, hakuna mvuta sigara, hakuna aliyefiwa. Na tunajua saa waliyoanza kuugua kwa sababu ugonjwa tumewatia sisi. Binadamu haji na saa yake mkononi.

Mume wangu Eilert hakuja nayo. Tumbo lilianza kumuuma Ijumaa, upande wa kulia, akasema ni supu ya njegere. Jumamosi akatetemeka, akavaa sweta mbili. Kwetu mtu hamsumbui daktari wa zamu mwisho wa wiki ila awe amebeba mguu wake mkononi, kwa hiyo akangoja Jumatatu. Waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo ni kama walimwona. Mimi nilikuwa Ubelgiji, mkutanoni, nawaeleza watu habari za sepsisi. Cheka tu. Mimi mwenyewe nilikuja kucheka, baadaye sana.

Mfuko wa nyongo ulikuwa umeoza. Akakaa wodi ya mahututi karibu mwezi mzima, mashine inampumulia, amevimba hata pete ya ndoa ikabidi ikatwe. Halafu akapona. Daktari mmoja kijana alinishika mkono akasema, "Hongera, mama. Mzee ni mmoja wa waliopona." Nikamshukuru kwa moyo wote, nikamfunga Eilert skafu, nikamrudisha nyumbani.

Sasa lazima nikwambie Eilert alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mwalimu wa useremala, mstaafu, mbishi, na msimu wa theluji ulimkuta amekwisha kujiandaa tangu Agosti. Kila Ijumaa baada ya chakula alishuka chumba cha chini, akazibana skii zetu, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, kwenye meza ya kazi, akawasha pasi, akazipaka nta. Alipiga mluzi. Harufu ya nta ilipanda mpaka jikoni, na mimi nikiosha vyombo nilijua kwamba wiki imekwisha. "Jumapili itakuwa nta ya bluu!" alinipigia kelele kutoka chini, maana kila kiasi cha baridi kina nta ya rangi yake. Nami nikamjibu itakuwa ya kijani, ili mradi tubishane. Jumapili tulipanda misituni mpaka kibanda kile cha juu wanakouza maandazi bapa ya kubanwa kwenye chuma cha moto, na jibini la kahawia. Alitangulia, kisha akageuka kwenye kila mwinuko akanisubiri, ndevu zimeganda. "Njoo, profesa, theluji itayeyuka!" Kule juu alimenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, akalining'iniza kwenye fimbo yangu kama nishani. Kila Jumapili, miaka na miaka, mzaha ule ule. Nilikuwa nikimwambia mzaha umechacha.

Mtu niliyemrudisha kutoka hospitali alikaa dirishani. Alianza sentensi akaiacha njiani. Alisoma ukurasa mmoja asubuhi nzima. Akienda kuchukua gazeti kwenye sanduku la barua, alikaa kwanza kwenye ngazi kabla ya kurudi. Hayo yote niliyatarajia, nimeyasoma. Nisilolitarajia ni asante. Eilert wangu hakuwahi kuniambia asante kwa kikombe cha kahawa, alisema, "Leo maji umeyaonyesha kopo la kahawa tu." Huyu nikimwekea kahawa ananishukuru kama nimempangisha chumba.

Nilimtamani mume wangu. Nilimtamani usiku na mchana, na yeye ameketi mbele yangu anakula mkate.

Basi Januari nikaingia ofisini kwa Sverre. Sverre ni mkubwa wa maabara, mtu mwema, mnene, mwoga wa bajeti.

"Sverre, panya wanakuwaje baada ya siku ya saba?"

"Wanakuwa maiti, Gunnvor."

"Wale tusiowaua."

"Hatuna tusiowaua." Akavua miwani. "Unataka kujua nini hasa?"

"Kama wanarudi."

"Wanarudi wapi?"

"Wanarudi kuwa panya."

Mji wetu mdogo, habari za Eilert alikuwa nazo. "Gunnvor, dada yangu," akasema taratibu, "panya hawezi kukujibu unachotaka kumwuliza."

"Najua. Niombee kibali."

Akaniombea. Kamati ya wanyama ikaturuhusu kuwaweka hai mpaka likizo ya Pasaka, si zaidi.

Panya utamwulizaje kama amerudi? Iko njia moja. Jioni unamwekea kizimbani kipande cha pamba iliyoshinikizwa, ngumu kama biskuti. Panya mzima hafundishwi wala halipwi. Asubuhi unamkuta ameichambua yote, amejijengea kiota chenye kuta, na yeye yumo ndani, umwone pua tu. Panya mgonjwa anaiacha pamba kama ulivyoiweka. Unatoa alama, moja mpaka tano. Mara ya kwanza nilipoiona ile pamba nzima asubuhi, imekaa pale haijaguswa, nilikumbuka skii zetu kule chini zilivyoegemea ukuta.

Wiki za mwanzo pamba ilikuwa nzima kizimba kwa kizimba. Halafu mwishoni mwa mwezi wa pili, panya mmoja akajenga. Kesho yake wanne. Wiki iliyofuata karibu wote, viota virefu, kuta zimekwenda juu kama vikombe. Nilisimama pale nikalia, mimi ninayewakataza wanafunzi kuwapa panya majina. Wanarudi! Wanachukua muda, lakini wanarudi. Ilikuwa Ijumaa. Sikungoja basi, nilitembea mpaka nyumbani.

"Eilert, leo Ijumaa."

"Ndiyo," akasema. "Asante."

Nikamshika mkono tukashuka chini. Nikazibana skii mwenyewe, nikaitia pasi moto, nikamwekea kipande cha nta mkononi. Aliiangalia, akainusa, na uso wake ukafunguka kidogo. Akaigusisha nta kwenye pasi, ikadondoka matone mazuri, yamepangana, mkono unakumbuka. Akaiweka pasi juu ya skii aanze kuisambaza. Akasimama. Akatazama dirisha dogo la juu. Nikasema moyoni mwache, anatafakari, mwache. Nilimwacha mpaka moshi ulipotoka.

"Eilert, pasi!"

Aliinua. Chini yake skii ilikuwa imeungua, doa la kahawia lenye umbo la pasi. Ilikuwa skii yake mwenyewe, si yangu. Akalipapasa kwa kidole.

"Samahani," akasema. "Nilisahau nilikuwa nafanya nini." Akapanda ngazi, anapumzika kila hatua mbili tatu, nami nikabaki chini nazima vitu.

Jumatatu nikamsimulia Jorunn wakati wa chakula. Jorunn ni mtafiti mwenzangu, tumezeeka pamoja, ulimi wake una makali na hausamehewi kwa sababu kwa kawaida unasema kweli. Alikuwa anakamulia mayai ya samaki kwenye mkate kutoka kwenye tyubu, kama anavyofanya kila siku ya Mungu.

"Mwenzangu, panya wako wana umri gani?"

"Wa kawaida. Wiki kumi na kidogo walipougua."

"Hao ni watoto wa sekondari. Wanaugua asubuhi, jioni uwatafute disko. Eilert ana miaka mingapi?"

"Sitini na sita."

"Basi usimpelekee mzee wa watu matokeo ya vijana."

Nilinuna mpaka jioni. Lakini alichosema nilikuwa nakijua, sote tunakijua, tumekiandika kwenye makala zetu wenyewe, aya ya mwisho kabisa, pale ambapo msomaji amekwisha funga. Panya wazee ni ghali, wanakufa ovyo, wanaharibu hesabu. Kwa hiyo dunia nzima tunatibu ugonjwa wa vikongwe ndani ya miili ya vijana, kisha tunashangaa.

Nikaenda chumba cha uzazi nikachukua majike waliostaafu kuzaa, wanene, manyoya yamepukutika mgongoni. Hawa nikawatoboa utumbo vile vile, kisha nikawauguza kama wagonjwa wa kweli: dawa niliwapa kwa kuchelewa, wakapata maji na antibiotiki. Wengi walikufa. Aliyebaki mpaka mwisho wa mwezi wa tatu alikuwa mmoja, sikio lake limeng'atwa. Nilimwita Bibi, na mwanafunzi mmoja alinisikia, akawa na adabu ya kujifanya hakusikia.

Kila asubuhi niliingia kabla ya watu, koti bado mwilini, nikafunua kizimba cha Bibi. Pamba nzima. Kesho, pamba nzima. Nilianza kusema naye. Nilimwambia, jitahidi basi, kipande kimoja tu, ng'oa uzi mmoja. Unajua nilikuwa nimefika wapi? Nilikuwa nimeweka nadhiri na panya. Bibi akijenga, Eilert atarudi. Mimi, mwenye shahada zote hizo ukutani.

Asubuhi moja karibu na Pasaka niliona pamba imebonyea katikati. Haikuchambuliwa hata uzi, imebonyea tu, na yeye amejikunja pale kwenye kishimo. Nikamwita Jorunn.

"Alikuwa analala juu yake," nikasema.

Jorunn aliinama, akatazama kwa muda mrefu, maana hakuwa mtu mbaya. "Alama moja, Gunnvor. Hicho si kiota. Hakihesabiwi."

"Lakini jana hakikuwapo."

"Hakihesabiwi, mpenzi."

Kibali chetu kilikuwa kinaisha Ijumaa. Alhamisi jioni niliwasha taa ya jikoni mapema, nikapika samaki na viazi, tukala. Theluji ya paa ilikuwa inadondoka matone nje. Nilidhani Eilert yuko mbali, kama kawaida yake.

"Yule bibi yako," akasema, "amejenga?"

Uma ulinisimama mkononi. Nilikuwa nimemsimulia habari za panya miezi yote ile kama mtu anavyoiongelesha redio.

"Hajajenga."

"Analala wapi basi?"

"Juu ya pamba. Ameibonyeza katikati."

"Basi ana pa kulala."

"Si kiota, Eilert. Kiota kina kuta. Hakihesabiwi."

Akaweka kijiko chini, akakinyoosha kikae sambamba na sahani. "Na mimi," akasema, "nahesabiwa?"

"Unasema nini wewe?"

"Unatazama juu ya bega langu. Tangu nilipotoka hospitali. Kama unangoja basi, na mimi nimesimama mbele yako nakuzibia."

"Si kweli."

"Gunnvor. Nimeharibika kichwa. Macho yangu mazima."

Yeye alikuwa bado hajamaliza. Alitafuta maneno, akayapata mawili, akayapoteza, akafumba macho akayangoja. Kwa mara ya kwanza tangu arudi sikumsaidia kumalizia.

"Yule wa kupaka nta namjua," akasema. "Nimekaa ndani yake miaka yote hiyo. Namkosa kila siku ya Mungu. Nikiamka namtafuta. Lakini hayupo. Na wewe umekwenda kumngoja huko, na mimi umeniacha hapa peke yangu."

Nililia juu ya viazi. Hakunibembeleza, yule mwingine angetia mzaha. Huyu alikaa tu, mkono wake mezani, karibu na wangu. Nilipotulia akamaliza samaki wake.

Ijumaa nilimuua Bibi mimi mwenyewe. Sikumwachia mtu. Nilimwacha pale pale kwenye kishimo chake, nikafungua gesi polepole, akalala. Jorunn alisimama karibu na kompyuta, ananingoja.

"Niandike nini?"

"Andika alikuwa analala juu ya pamba."

"Hakuna safu ya hilo."

"Ongeza."

Alivuta kiti, akaketi. Kisha akaongeza.

Jumapili ya Matawi jua lilikuwa kali. Niliweka machungwa na chupa ya kahawa kwenye mfuko, bila kufikiri, kama mikono ilivyozoea. Eilert alikuja jikoni amevaa koti.

"Tunakwenda wapi?" akauliza.

"Popote unapotaka. Kuna gari linapanda karibu mpaka kibandani."

"Si kule." Akatikisa kichwa. "Nipeleke mahali ambapo yeye hakwenda."

Nilifikiri sana. Yule alikwenda kila mahali. Uko mlima gani hajaukanyaga? Mwisho nikacheka, nikashuka gereji nikatoa kigari cha theluji cha marehemu mama yangu, kile chenye kiti mbele na vyuma viwili virefu nyuma, unasimama juu ya chuma kimoja na kusukuma kwa mguu. Yule Eilert alikidharau kupita kiasi. Alisema siku akikipanda, apelekwe moja kwa moja makaburini. Huyu alikaa, akajifunika blanketi, akashika mfuko. Barabara ya nyuma ilikuwa bado na barafu. Nikamsukuma mpaka nyuma ya duka la matairi.

Ndiyo, duka la matairi. Lilikuwa limefungwa. Kuna ukuta pale unaotazama kusini, umepakwa rangi nyeupe, na jua la Pasaka linaupiga mpaka unakuwa na joto kama tumbo la mkate. Mtu wa misitu kama yule asingepoteza Jumapili mahali pale hata kwa kufungwa kamba. Tukaketi kwenye tairi mbili, migongo ukutani, tumefumba macho. Theluji ya uani ilikuwa imeingia weusi. Kunguru alikuwa anatembea juu yake.

Nilisikia harufu ya chungwa, nikafumbua macho. Eilert alikuwa anamenya, vipande vidogo vidogo, ganda linakatika kila mara, anaviweka kimoja kimoja kwenye blanketi. Alichukua muda mrefu mno. Nilikaa juu ya mikono yangu nisimpokonye. Kisha akaligawa, hakuligawa sawa, akanipa upande mkubwa.

"Namkosa," nikamwambia.

"Mimi pia," akasema. "Kula."

Nikasema asante, nikala.